IST, Aqua au Leaf: anza na mahali gari litakapolala

Mdogo wangu amejibana miaka mitatu, na mwaka huu pesa ya gari imetimia. Jumapili moja akanitumia picha tatu alizopiga yadi: Toyota IST ya petroli, Toyota Aqua ya haibridi na Nissan Leaf ya umeme mtupu. Bei zake zilikaribiana kiasi kwamba haziwezi kumwamulia. Chini ya picha akaandika, "Kaka, wewe una Aqua mwaka wa nne sasa. Nichukue ipi?"

Nilimjibu kwa kumuuliza gari litalala wapi.

Ndilo swali ninaloanza nalo kila nikiulizwa jambo hili. Mimi nimepanga Tabata, ghorofa ya pili. Chini tunabanana magari saba, anayetoka alfajiri ndiye anayewagongea wenzake wasogeze, na mita yangu ya Luku iko huko juu. Hata ningepewa Leaf bure, ningeichajia wapi? Yeye amejenga Goba, ana geti lake na mita yake, na kutoka ukutani hadi pa kuegesha ni hatua kumi. Kinachomfaa yeye kinaweza kunitesa mimi, ingawa sote tunahangaika na foleni zilezile za Dar es Salaam.

Yalivyo magari yenyewe

IST haihitaji maneno mengi. Ni injini ya petroli na gia boksi ya otomatiki, na karibu kila fundi kuanzia Gerezani hadi Tunduma ameshaifungua.

Aqua ilianza kuuzwa Japan Desemba 2011. Ina injini ya petroli ya cc 1,500, mota za umeme, na betri iliyojificha chini ya siti ya nyuma. Watu huiita "betri kubwa", lakini umeme inaoweza kutunza haufiki hata uniti moja ya Luku. Haichomekwi popote. Inajichaji yenyewe: ukikanyaga breki, au ukiondoa mguu kwenye mafuta wakati wa mteremko, mota inageuka jenereta na kurudisha nguvu ambayo kwenye IST ingeishia kuwa joto kwenye pedi za breki. Ndiyo maana pedi za haibridi hudumu muda mrefu. Kwenye foleni ya Ubungo injini inazima kabisa, gari linajisogeza kwa umeme, na AC inaendelea kupuliza kwa sababu kompresa yake nayo ni ya umeme. Betri ikishuka injini inawaka yenyewe kidogo, kisha inazima tena. Haina staata wala altaneta ya kawaida, na gia zake hazitumii mkanda, kwa hiyo kuna vitu kadhaa vinavyokufa kwenye magari mengine ambavyo hapa havipo.

Leaf haina injini, haina tangi, haina oili ya injini wala plagi. Ina mota, ina betri pana chini ya sakafu, na tundu la kuchajia puani. Za kwanza, za mwishoni mwa 2010, zilikuja na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya Luku. Baadaye ikaja ya 30, na toleo jipya la Oktoba 2017 likaja na 40. Ukiikuta yadi ulizia namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana kwa macho Leaf ya 24 na ya 30 huwezi kuzitofautisha.

Yapo pia magari yanayochanganya watu. Nissan Note e-Power madalali huiandika "gari la umeme", na ni kweli magurudumu yanasukumwa na mota, lakini umeme wenyewe unazalishwa na injini ya petroli ya cc 1,200 iliyoko mbele. Haina pa kuchomeka, unaingia sheli kama wengine. Serena yenye beji ya S-Hybrid ina mota ndogo tu ya kuisaidia injini, kwa hiyo ukiinunua ukitarajia ulaji wa mafuta wa Aqua utaumia. Na Honda Fit Hybrid ya toleo la 2013 inatumia gia boksi ya klachi mbili iliyowasumbua hata walioiunda: ndani ya mwaka mmoja hivi Honda waliyaita magari hayo mara tano kwa marekebisho. Ukiipenda sana, tafuta iliyotunzwa na mtu unayemjua.

Hesabu ya mwezi

Nimechukua petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za nishati, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi weka ya mwezi wako. Uniti ya umeme wa nyumbani kwa tarifu 1, ile ya matumizi ya kawaida, nimeihesabia shilingi 357 pamoja na kodi na tozo. IST kwenye foleni zetu nimeipa kilomita 11 kwa lita. Aqua yangu inanipa 20, na naipima kwa kujaza tangi hadi mdomoni, kuendesha, kisha kujaza tena na kugawanya. Namba ya dashibodi siitegemei. Tangazo la Japan enzi zile lilisema kilomita 35.4 kwa lita, lakini kwa foleni na AC ya huku usipangie bajeti namba hiyo. Leaf nimeipa kilomita 5.5 kwa kila uniti inayotoka kwenye mita, kwa sababu umeme kiasi hupotea wakati wa kuchaji.

Mtu wa kilomita 1,200 kwa mwezi, kama mimi ninayetumwa leo Tegeta kesho Mbagala:

IST: lita 109, shilingi 327,000
Aqua: lita 60, shilingi 180,000
Leaf: uniti 218, shilingi 78,000

Mtu wa kilomita 400, yaani kazini karibu na kanisani au msikitini basi:

IST: shilingi 109,000
Aqua: shilingi 60,000
Leaf: shilingi 26,000

Tazama hapo. Mimi Aqua inaniokolea shilingi 147,000 kila mwezi dhidi ya IST, ambayo kwa mwaka inavuka milioni moja na laki saba. Huyu wa kilomita 400 anaokoa 49,000, haifiki laki sita kwa mwaka. Kama Aqua anayoitaka inamzidi IST kwa milioni tatu, atahitaji miaka mitano ili tofauti ile irudi, na ndani ya miaka mitano betri ya haibridi iliyokuja ikiwa na umri wake inaweza kudai ya kwake. Mtu huyo nitamwambia anunue IST nzima, iliyo safi chini, alale usingizi.

Kuna jambo moja la Luku ambalo wauzaji wa magari ya umeme hawakuambii. Nyumba nyingi ndogo ziko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti inatoka kama shilingi 122. Kilomita 400 za Leaf peke yake zinakula uniti 73. Kwa hiyo ukianza kuchaji gari unatoka kwenye tarifu hiyo, na zile uniti 60 za taa, friji na pasi ulizokuwa ukinunua kwa bei ndogo nazo zinahesabiwa kwa bei ya juu. Hilo ni ongezeko la kama shilingi 14,000 kila mwezi. Iweke kwenye hesabu ya Leaf: ile 26,000 inakuwa 40,000, na tofauti yake na Aqua inabaki 20,000 tu. Kwa mtu wa safari fupi mwenye nyumba ndogo, Leaf haimwokolei pesa kama inavyosemwa. Aliyekwisha kuwa tarifu 1, mwenye AC na pampu ya maji, haimgusi.

Nje ya mji mambo hubadilika. Ukitoka Mbezi kuelekea Chalinze kwa mwendo wa 80, gari la petroli ya kawaida nalo linakula mafuta kidogo, kwa sababu hakuna kusimama na kuondoka. Faida ya haibridi inapungua. Anayeishi kwa safari za mikoani asiwe na matumaini ya nusu kwa nusu kama yangu ya mjini.

Betri, na hapa tusikimbie

Adui wa betri zote hizi ni joto, na Dar joto ni la kwetu.

Betri ya Aqua ina moduli 20 zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu. Inapozwa na hewa ileile ya ndani mnayopumua ninyi, inayovutwa na feni ndogo kupitia kiwavu kilicho chini pembeni mwa siti ya nyuma. Mwaka wa pili wa gari langu nilianza kusikia mvumo kule nyuma, kama kikaushio cha saluni kinachowaka chumba cha pili. Nilidhani ni kitu cha AC. Fundi akakifungua kile kiwavu, akachomoa feni, akanionyesha. Mapezi yote yalikuwa yamevaa koti la vumbi la kijivu, nywele, maganda ya karanga, na karatasi ya mrija wa juisi iliyojikunja katikati. "Bosi, hii ndiyo inayoua betri," akasema. "Watu wanabadilisha betri, uchafu wanauacha palepale." Akaisafisha kwa brashi ya mswaki na upepo wa kompresa, akairudisha. Mvumo ukaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo nasafisha kila miezi sita, na mfuniko wa siti niliushonesha upya ili usikizibe kile kiwavu. Ukienda kukagua haibridi, piga magoti uangalie hapo kwanza. Kiwavu kilichozibwa na kapeti au mzigo kinakueleza betri imeishije.

Betri ikianza kuchoka, fundi mwingine atakushauri ubadilishe moduli moja au mbili zilizokufa. Ni bei nafuu, na gari litatembea. Lakini moduli mpya ikikaa kati ya wazee haziendi sawa. Zile dhaifu zinazobaki zinaendelea kudondoka moja baada ya nyingine, na unarudi gereji kila baada ya miezi. Kama pesa ipo, badilisha betri nzima. Bei yake iulize leo, kabla hujanunua gari, kwa mafundi wawili au watatu, uiweke pembeni akilini kama sehemu ya bei ya gari lenyewe.

Leaf ni habari nzito zaidi, kwa sababu betri ndiyo gari. Nissan hawakuiwekea mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu inayopita. Kwenye nchi ya baridi inavumilia, kwenye joto la pwani inachakaa haraka. Na hapa nairudia picha aliyonitumia mdogo wangu. Kwenye dashibodi ya Leaf hizo, upande wa kulia, kuna safu mbili za vijiti. Vinene vinaonyesha chaji iliyopo sasa, kama simu. Pembeni yake kabisa kuna vijiti vyembamba 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, na hivyo havipandi hata uchaji usiku kucha. Niliikuza picha kwa vidole, nikahesabu vyembamba: 9. Nikampigia amuulize muuzaji. Akajibiwa, "Hiyo haijachajiwa tu, dada, ikijaa vitarudi." Havirudi.

Kijiti cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Vijiti 9 maana yake betri ile ya uniti 24 imebaki na kama asilimia 70. Toa ile akiba ambayo gari lenyewe halikuruhusu kuitumia, unabaki na kama uniti 15. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa uniti barabarani, ni kilomita 90, na hakuna mwenye akili timamu anayeendesha hadi sifuri, kwa hiyo ihesabu 70. Kwa safari zake za Goba, shule ya mtoto na kazini Mwenge, ambazo kwenda na kurudi hazifiki kilomita 40, leo ingemtosha. Miaka mitatu ijayo ingekuwa inambana, na kuiuza wakati huo angemuuzia nani?

Hata vijiti 12 visikutulize moja kwa moja. Vinaweza kurudishwa kwa mashine ili betri chovu ionekane mpya. Chukua kifaa kidogo cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya uzima. Kisha omba uliendeshe kilomita 25 na AC ikiwaka, uone chaji imeshuka kwa kiasi gani. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwa huku pwani, Leaf ninayoweza kumshauri mtu ni ya uniti 40 na kuendelea, yenye uzima wa asilimia 85 kwenda juu. Ni ghali zaidi, na kwa gari lililozidi miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu juu yake, kwa hiyo pitisha namba zake kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata senti Japan.

Fundi, maji na safari

Aqua ina mafundi sasa. Miaka kumi iliyopita usingeniambia hivyo, lakini zimejaa hadi kwenye teksi za mtandaoni, na spea ziko Kariakoo. Shida iliyobaki ni mazoea. Inataka oili nyepesi, 0W-20, na fundi wa mazoea atakuletea ile nzito ya gari la zamani. Ina tanki la pili dogo la kupozea inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri utumike na mota, na kuna watu wanalijaza maji ya bomba. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse ambaye hajui kuzima betri kubwa kwanza. Umeme ule unaua. Na ile betri ndogo ya volti 12 ikifa gari haliwaki, hata kama kubwa imejaa, watu wakalipia "betri ya haibridi imekufa" kumbe ni ya laki moja na kitu. Ipime hiyo kwanza.

Leaf haina mengi ya kuharibika, lakini kikiharibika kimoja utahangaika, kwa sababu mafundi wanaoifungua betri yake na kuielewa ni wa kuhesabu.

Maji: Aqua iko chini, na betri yake iko usawa wa siti. Masika, Jangwani ikijaa, mimi nageuza. Nimeona watu wakivuka kwa sababu daladala limevuka.

Safari: Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. IST na Aqua hazina swali hapo. Leaf ya uniti 24 haifiki bila kusimama njiani na kuchaji, na vituo vya kuchajia magari nchini bado ni vichache mno kumpangia mtu safari ya msiba, ambayo haikupi taarifa siku mbili kabla. Kwa nyumba yenye gari moja tu, hili peke yake linatosha kuiondoa Leaf mezani.

Wenzetu wa Nairobi wana hesabu tofauti kidogo. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo betri zinazoingia ni changa zaidi. Hali ya hewa ya Nairobi inaitunza Leaf kuliko ya Mombasa au ya kwetu. Na mwaka 2023 iliidhinishwa tarifu ya vyombo vya umeme, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na 8 kwa saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Mwenye nyumba yake Nairobi na safari za mjini, ningemsukuma kwenye umeme haraka kuliko ninavyomsukuma mtu wa Dar.

Tulipofikia

Ile Leaf ya vijiti 9 tumeiacha. IST ameikataa mwenyewe alipoona hesabu, kwa sababu anatembea karibu kilomita 1,000 kwa mwezi. Zimebaki mbili: Aqua ya yadi, ambayo feni yake tumeifungua na ni safi, na Leaf ya uniti 40 ambayo mtu wa Mikocheni anaiuza, uzima wa betri asilimia 91 kwenye LeafSpy. Shemeji ana Noah, kwa hiyo safari za Moshi zina gari. Umeme wa nyumba yao uko tarifu 1 tayari. Kwa safari zake za siku, uniti saba au nane za kuchaji zitaingia kwa saa tatu hadi nne kwenye soketi ya kawaida, usiku amelala, ilimradi soketi hiyo iwe na waya wake na breka yake. Ekstensheni ya kupitisha dirishani nimemkatalia kabisa; saa nne za mzigo mzito kila usiku zinayeyusha plagi, na ndani kuna watoto.

Fundi umeme anakuja Jumamosi kupima kutoka kwenye breka kuu hadi pale gari litakapolala. Akisema waya wa nyumba hauhimili, na hakuna pesa ya kuuvuta upya, tunarudi yadi kuichukua Aqua.